Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wema wa mtu unatoka wapi?

Nilifundisha baiolojia mkoani Kigoma kwa miaka 26. Sasa nimestaafu, na Jumapili alasiri hukaa na wenzangu barazani Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mwembe. Pale yupo shehe mmoja, yupo katekista, wapo wavuvi wawili watatu mwezi ukiwa mpevu (usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliki, basi nao wanakuwa na nafasi), na wapo vijana wa chuo wakati wa likizo. Hoja iliyotukalia kuliko zote ni hii: mtu anapotenda jema, anaongozwa na silika aliyozaliwa nayo, malezi, au Mungu? Nimeyaandika maswali ninayoulizwa tena na tena. Majibu ni yangu. Shehe na katekista wasilaumiwe.

Mjadala wenyewe ulianzaje?

Ulianzia mwaloni Kibirizi, asubuhi moja ya Desemba. Wanawake walikuwa wameanika dagaa kama kawaida, wengine juu ya chanja, wengine kwenye nyavu chakavu zilizotandikwa mchangani. Mnamo saa nne wingu likaja kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Anayewajua dagaa anajua kinachofuata: wakilowa wakiwa nusu ubichi, bei yao inageuka bei ya chakula cha kuku. Basi watu wakaanza kukimbia. Hapo huwa haulizwi mtu dagaa ni wa nani. Unakunja wavu ulio karibu nawe, unamwaga kwenye beseni, unakwenda unaofuata.

Pembeni kabisa palikuwa na wavu wa mama mmoja mgeni, aliyevuka ziwa siku chache tu nyuma. Mwenyewe alikuwa amepanda mjini, mtaa wa Mwanga, kutafuta magunia. Wavu ule haukuguswa na mtu. Kisha nikaona katoto ka kike, miaka minne hivi, kamechuchumaa pale na kibakuli cha plastiki, kanachota dagaa kwa viganja viwili na kumwaga nusu yao chini. Mama yake akampigia kelele: "Njoo huku! Hao si wetu!" Mtoto akainua kichwa, akamtazama mama, akatazama wingu, akaendelea kuchota.

Mimi nilikuwa kibandani na kikombe cha chai. Sikuinuka.

Nilipowasimulia wenzangu barazani, shehe alisema ile ni fitra, yaani maumbile safi ambayo Mungu humuumba nayo kila mtu. Mvuvi mmoja akasema mtoto ameiga wakubwa, basi. Mimi nikasema silika. Tangu siku hiyo hatujanyamaza.

Mnaposema maadili, si adabu tu hizo?

Si adabu. Shikamoo kwa mkubwa, mkono wa kulia kwenye chakula, viatu nje ya mlango: hizo ni adabu, na ukivuka ziwa utakuta nyingine. Kula mali ya yatima ni jambo jingine. Hilo ni baya hata pale ambapo hakuna mila inayolikataza, kwa kuwa kuna mtu ameumia.

Kiswahili kina neno lake, utu. Limetoka kwenye mtu, na mbwa hata awe mpole vipi hatusemi ana utu. Mkatili tunamwita mnyama. Ukiwa mkazi wa Kigoma huwezi kuyasema hayo kwa raha sana, maana wanyama walio jirani zetu, sokwe wa Gombe, wamechunguzwa kuliko karibu wanyama wengine wote duniani.

Kwani sokwe wa Gombe wana maadili?

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe, msitu ulio ufukweni kaskazini yetu, Julai 1960 akiwa na miaka 26, amefuatana na mama yake. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti aliouanzisha bado unaendelea. Wengi wanamkumbuka kwa kugundua kwamba sokwe hutengeneza kijiti cha kuvulia mchwa. Kwa swali letu, lililo kubwa zaidi ni yale yaliyoandikwa siku hadi siku kuhusu sokwe mmojammoja, kila mmoja kwa jina lake.

Mwaka 1972 alikufa jike mzee, Flo. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane, umri ambao sokwe anaweza kujitafutia chakula. Akakataa kula, akakaa karibu na mahali mama yake alipofia, na baada ya wiki tatu hivi naye akafa. Mwaka 1987 nimonia ilipita ikaua sokwe kadhaa. Mmoja wa yatima waliobaki aliitwa Mel, mwenye miaka mitatu na kidogo, mgonjwa, hana kaka wala dada. Aliyemchukua ni Spindle, dume kijana wa miaka kama 12 ambaye hakuwa ndugu yake. Akambeba mgongoni, akalala naye kwenye kiota kimoja, akamgawia chakula. Spindle mwenyewe alikuwa amefiwa na mama yake katika maradhi yaleyale. Sina haja ya kusema alijiona katika yule mtoto, hilo halipimiki. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemfundisha, wala hakupata faida inayoonekana.

Je, hayo ni maadili? Naita mbegu ya maadili. Sokwe ana huruma, ana kisasi, anajua nani alimsaidia jana. Ila hatujamwona akikaa kikao kuamua kwamba alichokifanya juzi kilikuwa kosa.

Kama wana huruma hivyo, vita ya Gombe ilitoka wapi?

Swali hili huulizwa na vijana, na ndilo linaloharibu usingizi wangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi moja kubwa la sokwe liligawanyika. Waliobaki kaskazini wakaitwa Kasakela, waliohamia kusini wakaitwa Kahama, kwa majina ya mabonde. Walikuwa wamekua pamoja na kusafishana manyoya. Januari 1974 madume wa Kasakela walimvamia Godi wa Kahama akila peke yake, wakampiga na kumng'ata, wakamwacha akiwa hoi. Hakuonekana tena. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Goliath, mzee ambaye miaka ya nyuma alikuwa kiongozi wa wote, kabla hawajatengana. Hadi 1978 hapakubaki dume hata mmoja wa Kahama.

Baadhi ya wataalamu walisema ni kosa la binadamu, kwa kuwa watafiti walikuwa wakiwapa sokwe ndizi na hivyo kuwachochea ugomvi. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka 2014 watafiti walikusanya kumbukumbu za jamii 18 za sokwe barani Afrika, wakaona mauaji hayafuati kiasi cha kuingiliwa na watu.

Sasa tazama: madume wale waliokuwa wakiua walirudi jioni kwa wenzao na kuendelea kucheza na watoto. Huruma yao haikuwa imekufa. Ilikuwa na mpaka, na ndani ya mpaka ule Goliath hakuwemo tena. Yaani "hao si wetu." Kwangu mimi hapo ndipo swali la maadili lilipo. Kuwa mwema kwa walio wetu hakuhitaji maelezo marefu, hata sokwe anaweza. Kinachohitaji kuelezwa ni mtu anayemhesabu mgeni.

Darwin alisema nini juu ya hili?

Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, alisema kwamba mnyama yeyote mwenye silika imara za kuishi pamoja, akipata akili kama ya binadamu, atapata na dhamiri. Wengi hudhani alifundisha mwenye nguvu amle mnyonge. Si kweli. Aliona huruma ndiyo sehemu bora ya maumbile yetu, na akaona kazi ya mbele ni kuipanua ivuke ukoo na kabila.

Kuna mfano wake ninaoupenda, na katekista anauchukia: kama binadamu tungelelewa kama nyuki wa mzingani, wanawake wasioolewa wangeona kuwaua kaka zao ni wajibu mtakatifu. Maana yake ni kwamba dhamiri ingekuwepo, ila ingeamrisha mengine. Katekista husema hapo ndipo baiolojia inapokosa breki. Na kwa kweli sijapata jibu linalomnyamazisha.

Kitabu alimoandika hayo, The Descent of Man, kilitoka 1871. Ukumbuke mwaka huo, nitaurudia.

Mtoto mchanga anajua jema na baya?

Kwa muda nilijibu ndiyo bila kusita. Mwaka 2007 Kiley Hamlin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha watoto wa miezi sita na wa miezi kumi mchezo mdogo: kipande cha mbao chenye macho kinapanda kilima, kipande cha pili kinakisukuma juu, cha tatu kinakisukuma chini. Kisha mtoto anawekewa vile viwili achague. Karibu wote walinyoosha mkono kwa msaidizi. Nilikuwa nasimulia hadithi hii darasani kwa mbwembwe.

Baadaye maabara 37 za mabara mbalimbali zilirudia jaribio kwa pamoja, zikiwa na mamia ya watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2024: karibu nusu kwa nusu, sawa na kurusha shilingi. Wapo wanaosema jaribio jipya lilitofautiana na la kwanza, kwa kuwa watoto walitazama video. Inawezekana. Ila mwalimu aliyesimulia la kwanza lazima asimulie na la pili, ndiyo maana nimeliandika hapa.

Kilichosimama imara zaidi ni kwa watoto wa miezi 18. Felix Warneken na Michael Tomasello, Leipzig, mwaka 2006, walionyesha kwamba mtu mzima akidondosha kibanio cha nguo na kuhangaika kukifikia, mtoto wa umri huo humwokotea bila kuombwa wala kupewa pipi. Hata sokwe wachanga walisaidia mambo mepesi kama hayo.

Lakini mvuvi wetu naye ana pingamizi, na si dogo. Mtoto wa kwetu wa mwaka na nusu ameshatumwa mara ngapi? "Mpelekee bibi kijiko." "Mletee baba kandambili." Akirudi anapigiwa makofi. Ukimpima baada ya hapo, unapima silika au unapima kutumwa?

Basi ni malezi?

Methali zetu zimegawanyika kama baraza letu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema. Halafu mtu huyohuyo jioni anasema mwana wa nyoka ni nyoka. Kila mtu huchomoa inayomfaa siku hiyo.

Nguvu ya malezi inaonekana vizuri ukilinganisha jamii na jamii. Kuna mchezo ambao watafiti waliuchezesha katika jamii 15 ndogondogo duniani, miaka ya 1990 mwishoni. Wawili wasiojuana: wa kwanza anapewa fedha, anaamua ampe mwenzake kiasi gani. Wa pili akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Wachumi walitarajia wa kwanza atoe senti moja na wa pili apokee, kwani senti ni bora kuliko kukosa. Hakuna jamii iliyocheza hivyo hata moja. Hilo ni la silika, nadhani: kila mahali watu walimpa mwenzao zaidi ya senti moja, na mahali pengi wapo waliokuwa tayari kupoteza fedha kuliko kudharauliwa.

Ila viwango vilipishana kama mchana na usiku. Wamachiguenga wa msitu wa Peru walitoa kama robo. Walamalera wa Indonesia, ambao huwinda nyangumi kwa mtumbwi mmoja wenye watu wengi na hawawezi kula bila kugawana sawasawa, walitoa zaidi ya nusu. Kwetu Tanzania walicheza Wasangu na Wahadzabe. Wasangu walitoa kama asilimia 40. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaosifika kwa kugawana nyama, walitoa kidogo na kukataliana mara nyingi.

Ajabu? Sikuona ajabu. Mwindaji wa Kihadzabe anapogawa nyama, kambi nzima inamtazama. Kwenye mchezo hakuna aliyemtazama. Nani asiyemjua mtu mkarimu sana kwenye harusi, mchango wake ukisomwa kwa kipaza sauti, na mgumu kama jiwe ukimkuta peke yake? Malezi hutufundisha kuona haya, na haya inahitaji macho. Ukibaki peke yako na bado unaona haya, hapo ndipo tunasema una dhamiri.

Kuna watu waliozaliwa bila dhamiri?

Wapo wachache ambao maumivu ya mwenzao hayawagusi kama yanavyotugusa sisi, na kwa baadhi dalili zinaonekana tangu utoto. Ubongo ukiumia pia tabia inaweza kugeuka. Mfano maarufu ni Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli Marekani, ambaye mwaka 1848 mtaimbo ulimpita kichwani akapona, kisha akasemekana amekuwa mkorofi na mwenye matusi. Watu huishia hapo. Hawaongezi kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyowezekana kwa mtu aliyeharibika kabisa.

Dini zinasemaje? Si zinapingana na habari ya silika?

Wanaouliza hivi hudhani shehe na mimi tunagombana. Tunagombana, lakini si hapo. Hadithi ya Mtume inasema kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi. Soma tena taratibu: maumbile yamo, malezi yamo, na Muumba yupo nyuma ya yote mawili. Sura ya Ash-Shams nayo inaapa kwa nafsi, na kwa yule aliyeitengeneza akaijulisha uovu wake na wema wake. Paulo, katika Warumi sura ya 2, anasema watu wasiopewa torati hutenda yaliyomo kwa tabia zao, kwa kuwa imeandikwa mioyoni na dhamiri inashuhudia. Na Waha, kabla ya msikiti au kanisa, walikuwa na jina la Mungu, Imana, na walijua kuua jirani ni vibaya.

Kwa hiyo muumini halazimiki kuikana silika. Anaweza kusema ndivyo Mungu alivyoandika. Anachokataa ni pale mimi ninapotaka kuishia kwenye silika, kana kwamba kueleza wino kunatosha kueleza barua. Mfano huo ni wa shehe, si wangu, na ni mzuri.

Jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa sababu ni jema?

Hili ni la zamani. Plato alilitia kinywani mwa Sokrate karne ya 4 kabla ya Kristo. Ukijibu la kwanza, utaulizwa: angeamuru kuibia yatima, ingekuwa ibada? Ukijibu la pili, utaulizwa: basi wema ulikuwepo juu ya Mungu?

Waislamu walilibishania kwa ukali Basra na Baghdad. Mu'tazila, kundi la wanazuoni waliotegemea sana akili, walisema akili yaweza kutambua uzuri na ubaya wa tendo hata kabla ya ufunuo. Al-Ash'ari, aliyefariki 936 na ambaye mwenyewe alianza akiwa Mu'tazila, akasema ubaya ni kile Mungu alichokikataza. Wakristo wengi, wakimfuata Thomas Aquinas wa karne ya 13, hupita katikati: Mungu hakubuni wema wala hakuukuta, wema ni jinsi alivyo.

Shehe wetu kwa masomo yake ni wa upande wa Ash'ari. Lakini siku ile ya dagaa alisema mtoto hakusoma hukumu yoyote. Nilimwambia amejifunga bao. Akacheka, akaagiza kahawa nyingine.

Asiyeamini Mungu anaweza kuwa mwema?

Ndiyo, na anayeamini anaweza kuwa mwizi. Mnawajua wote wawili.

Kama dini huleta maadili, mbona Ujiji ilikuwa na watumwa?

Usiulize tu dini. Uliza silika na malezi pia, maana vyote vitatu vilikuwepo Ujiji na vyote vitatu vilishindwa.

Turudi 1871. Darwin ametoa kitabu London. Mwezi Julai, huko Nyangwe, Manyema, ng'ambo ya ziwa, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliingia sokoni na bunduki na kuwapiga risasi wanawake waliokuwa wanauza bidhaa. Wengine walirukia mto wakazama. Mzungu mmoja mgonjwa, David Livingstone, aliyekuwa akisafiri kwa msaada wa wafanyabiashara haohao, aliyaona kwa macho yake. Akavunjika moyo, akarudi Ujiji kwa miguu, na huko ndiko Stanley alikomkuta kabla mwaka haujaisha. Watalii huja kuona jiwe la kukutana kwao. Wachache huuliza habari ya soko la Nyangwe, ingawa kizazi cha Wamanyema kiko hapahapa Ujiji, kinacheza bao chini ya miembe.

Wafanyabiashara wale hawakuwa watu wasiolelewa. Walikuwa na adabu kuliko mimi. Walisali, walifunga, walikirimu wageni. Livingstone mwenyewe alikula kwao. Na msafara wa watumwa ulioondoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, kilomita zaidi ya 1,200, uliongozwa na kulindwa na watu wa asili na imani mbalimbali, Wanyamwezi na wa pwani, huku Wakristo wa Ulaya na Amerika wakiwa wamefanya yaleyale kwa karne nyingi upande wa Atlantiki. Hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Wote walikuwa wema, kwa walio wao.

Kisha upande wa pili wa sarafu. Barua za Livingstone kuhusu Nyangwe ziliwachoma watu Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa kwa mkataba na Sultani Barghash. (Utumwa wenyewe Tanganyika haukufutwa kisheria hadi 1922. Sheria hutembea kama konokono.) Wengi waliopigania kufutwa kwake walisukumwa na imani. Na kuna mtu mmoja ambaye watoto wa shule wa ukanda wa ziwa wangepaswa kumjua: Adrien Atiman. Aliibwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu kwenye ufuko wa ziwa hilihili. Alitibu watu pale hadi alipofariki 1956. Miaka 67! Watu aliowatibu hawakuwa ukoo wake, wala lugha yake, wala nchi yake.

Sijui silika gani inaeleza miaka 67. Katekista anasema anajua.

Na wakimbizi?

Kigoma imejifunza somo hili kwa ngozi yake. Warundi walikuja 1972, wakaja tena 1993. Wakongo walikuja 1996, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka huo. Watu waligawana muhogo nao. Watu haohao baadaye walilalamikia kuni na wizi wa ng'ombe. Yote ni kweli, na anayekusimulia upande mmoja tu hakukaa hapa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa kundi la 1972, wakiwemo wa Ulyankulu kule Tabora, walipewa uraia. Kwa kalamu, "wao" wakawa "wetu". Moyoni ilichukua muda mrefu zaidi kwa wengine, kwa wengine ilikuwa imeshatokea zamani kupitia ndoa.

Mbona hamtaji serikali na faini?

Kwa sababu ya Mei hadi Agosti 2024, ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane. Wavuvi wetu wanakiri: waliotii kwa kuogopa doria walikuwa wengi kuliko waliotii kwa kuwafikiria watoto watakaovua kesho. Faini inazuia mkono. Haijibu swali letu.

Ukilazimishwa kuchagua moja?

Nalazimishwa kila Jumapili. Nasema hivi: uwezo wa kuumia kwa ajili ya mwingine tumezaliwa nao, na Spindle ni shahidi wangu. Nani ahesabiwe kuwa huyo "mwingine", hilo tunafundishwa, na mara nyingi tunafundishwa vibaya. Mama wa Kibirizi alimfundisha mwanawe kwa maneno matatu. Ila pale mtu anapovuka alichofundishwa, akamhesabu aliyeambiwa si wake, baiolojia yangu inaishiwa maneno. Naweza kukuambia huruma imefurika kingo. Shehe na katekista wanasema ameitwa. Zamani nilikuwa nawabishia hapo kwa nguvu. Siku hizi nabisha kwa sauti ya chini.

Yule mama wa dagaa, iliishaje?

Wote huuliza hili, hata wanaosinzia mengine.

Matone yalipoanza, mama wa yule mtoto alikuja kumfuata. Akasimama juu yake, akasonya, kisha akachuchumaa akaanza kukusanya kwa beseni lake. Bibi mmoja akajiunga. Waliokoa kama nusu. Iliyobaki ililowa ikauzwa kwa wafugaji wa kuku. Mvua ilipokatika mwenye dagaa akarudi na magunia yake, akaukuta wavu mtupu na dagaa wake kwenye beseni la watu. Akapiga yowe la mwizi. Ikawa vurugu ya Kiswahili, Kiha na Kibembe kwa dakika kumi, mpaka bibi akamvuta kando na kumweleza. Alipoelewa, akachota kikombe kimoja akakinyoosha kwa mama wa mtoto, kama shukrani. Yule akakataa kukipokea. "Mpe mwenyewe huyo," akasema, bado amenuna. "Mimi sikumtuma."

Mtoto hakungoja waafikiane. Alishatia mkono kikombeni, anatafuna.